Ukitaka kuielewa jazz, mfuate mpiga besi

Mi ni mpiga besi, ile ala ya nyuzi yenye sauti nzito ya chini, na watu wakishajua napenda jazz swali linakuwa lilelile, nianze na nini, mbona nikisikiliza naona kila mtu anapiga lake. Jibu langu ni moja: achana kwanza na tarumbeta, achana na saksofoni, mtafute mpiga besi na ukishampata usimwachie mpaka wimbo uishe. Na tafadhali vaa hedifoni, spika ya simu besi haitoki humo.

Anza na So What, wimbo wa kwanza kwenye albamu Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, walirekodi New York mwaka 1959. Ule utangulizi wa polepole wa piano na besi ukiisha mpiga besi Paul Chambers anaanza, na hapo besi ndo inaimba, yaani melodi yenyewe iko kwake, wenzake wanamwitikia kodi mbili tu (kodi ni noti kadhaa zikipigwa pamoja), kama kwenye ngoma zetu mmoja anatoa na wengine wanapokea. Afu Miles anapoanza solo, mpiga dramu Jimmy Cobb anagonga simbali moja kubwa, inalia juu ya bendi nzima na inafifia taratibu, na chini yake Chambers ashaanza kutembea, noti moja kila pigo. Mzunguko ni baa 32, baa moja ni mapigo manne: 16 ngazi moja, 8 zinapanda nusu sauti, yaani hatua moja ndogo tu, 8 za mwisho zinarudi pale pale. Ukishindwa kuhesabu sikiliza besi, yenyewe inakwambia sasa tumepanda, sasa tumerudi. Mimi hii nyimbo hainichoshi kabisa.

Kwenye muvi niko mkali kidogo, maana nyingi za wanamuziki unaona vidole viko huku sauti iko kule. Ndo maana naipenda Round Midnight ya Bertrand Tavernier, 1986. Anayecheza kama mpiga saksofoni ni Dexter Gordon, mpiga saksofoni wa kweli, akateuliwa hadi kugombea Oscar ya mwigizaji bora, na mpiga piano Herbie Hancock akaibeba Oscar ya muziki. Walipiga laivu mbele ya kamera, kwa hiyo unaona mtu anavuta pumzi, anasubiri, anamwangalia mwenzake ndo anaingia. Kwenye besi yumo Pierre Michelot, na huyu Mfaransa ndiye aliyempigia Miles besi Paris Desemba 1957 kwenye muziki wa filamu Ascenseur pour l'échafaud ya Louis Malle. Kule waliingia studio usiku wakawa wanaangalia vipande vya filamu na kupiga palepale, karibu hakuna kilichoandikwa, Jeanne Moreau anatembea barabarani usiku anamtafuta mpenzi wake na tarumbeta inamfuata. Itazame hata kama Kifaransa hujui.

Vitabu nitataja kimoja, tena ni hadithi fupi, Sonny's Blues ya James Baldwin ya 1957. Msimulizi ni mwalimu wa hesabu Harlem, mdogo wake Sonny anapiga piano na alishakamatwa kwa heroini. Mwisho wanaenda klabu, Sonny anarudi jukwaani baada ya muda mrefu, anayumba, na anayemshika ni Creole, mpiga besi. Anaongea naye kwa besi tu, anamsukuma aache ufukwe aende kwenye maji ya kina. Sijasoma mahali pengine palipoeleza vizuri hivi kazi yetu ni nini pale nyuma.

Sasa hii ni yetu kabisa na inaniuma watu wengi hawaijui: albamu Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, New York, Novemba 1960. Melba Liston ndiye aliyeupangilia muziki, mashairi ya mshairi Mmarekani Langston Hughes, na santuri inafunguliwa kwa Kiswahili, anaghani Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, mwaka mzima kabla hatujapata uhuru! Wapiga besi wako wawili, George Duvivier na Ron Carter, na ngoma zimejaa. Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini ikaipiga marufuku.

Ukitoka hapo nenda albamu Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971, bendi nzima walichukua majina ya Kiswahili na mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji. Wimbo wa kwanza, Ostinato, unazunguka mapigo 15 na watu wanaukimbia kwa sababu hiyo. We usihesabu. Kuna mstari mmoja mzito wa chini, besi pamoja na klarineti ya besi ya Bennie Maupin, unarudi na kurudi, shika huo tu, ukizunguka mara kadhaa mguu utaanza wenyewe kujua pa kukanyaga, na hapo ndo utaanza kuwasikia hao wengine wanafanya nini juu yake.