Je, wajua kwa nini chunusi huwatoka hata waliokwisha kuoa na kuolewa?

Msichana wa Mombasa anapoanza kutokwa na chunusi, jambo la kwanza analoambiwa na shangazi zake na majirani ni kwamba hizo ni chunusi za ujana na kwamba akiolewa zitakwisha zenyewe. Basi akaolewa, akazaa, akafikisha miaka thelathini na mitano, na bado kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, uvimbe wenye maumivu hujitokeza pale pale pembeni mwa taya na chini ya kidevu. Hubaki akijiuliza amekosa wapi: je, haoshi uso vizuri, ana damu chafu, au ni kijicho cha watu? Hakukosa popote. Chunusi za utu uzima, yaani zile zinazoendelea au kuanza baada ya miaka 25, ni za kawaida sana, huwapata wanawake kuliko wanaume, na chanzo chake kinaeleweka.

Huku Pwani jina la chunusi ni pia la yule jini wa baharini anayesemekana kumvuta mwogeleaji akamzamisha, na kwa kweli chunusi ya usoni nayo hufanya kazi yake chini kwa chini, muda mrefu kabla ya kuonekana. Kila kinyweleo kimekaa ndani ya kifuko chembamba, na ubavuni mwa kifuko hicho kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Seli zinazofunika ukuta wa kifuko hufa na kutoka kila siku pamoja na mafuta hayo. Kwa mtu mwenye chunusi, mafuta huwa mengi na seli zilizokufa hushikamana badala ya kutoka, zikafanya kizibo kidogo kisichoonekana kwa macho. Nyuma ya kizibo hicho hunawiri bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo. Kinga ya mwili inapoamka, ndipo uvimbe, maumivu na usaha hutokea. Kama tundu limebaki wazi, kizibo hugeuka cheusi kwa kukutana na hewa na kwa rangi ya asili ya ngozi, wala si uchafu, na ndiyo maana kusugua kwa dodoki hakukiondoi.

Tangu kizibo cha kwanza kianze hadi uvimbe uonekane kwenye kioo huweza kupita wiki kadhaa, pengine hata miezi miwili. Mtu akilielewa jambo hili moja, mengi yanayomchanganya hunyooka. Biriani ya harusi aliyokula juzi siyo iliyomletea kipele cha leo, na dawa aliyoanza kupaka Jumatatu haiwezi kulaumiwa Ijumaa kwamba haifanyi kazi, kwa sababu vipele vya Ijumaa vilikuwa njiani tangu mwezi uliopita. Dawa za chunusi hupimwa baada ya wiki 8 hadi 12. Wengi wetu hubadilisha dawa kila wiki mbili, na kwa hiyo hakuna hata moja inayopewa nafasi.

Kinachoamuru tezi hizo kutoa mafuta ni homoni, hasa androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Wanawake wengi wenye chunusi wakipimwa damu, homoni zao hukutwa ziko sawa. Ni tezi zao tu ambazo ni nyepesi kuitikia. Lakini mwanamke ambaye hedhi yake hupotea miezi kadhaa, nywele zinamwota kidevuni na zile za kichwani zinapungua, anastahili kuchunguzwa kama ana tatizo la vivimbe vingi kwenye ovari, kwa sababu hapo chunusi ni dalili tu ya jambo kubwa zaidi. Njia za kupanga uzazi nazo zina mkono wao: sindano ya miezi 3 na vipandikizi vya mkononi huweza kuwazidishia baadhi ya wanawake chunusi, ilhali vidonge vyenye homoni mbili mara nyingi huzipunguza. Ni vyema kumweleza mhudumu wa kliniki jambo hili waziwazi, badala ya kuacha njia hiyo kimya kimya na kujikuta na mimba isiyotarajiwa.

Mji wetu wenyewe huongeza yake. Wakati wa kaskazi, joto na unyevu wa hewa humfanya mtu aloe jasho kabla hajafika kituo cha matatu, na ngozi iliyolowa, kisha ikasuguliwa na kitambaa au mkanda wa helmeti ya bodaboda, huvimba kwa urahisi zaidi. Kwa mwanamke anayevaa ninja, kitambaa kinachogusa mashavu kifuliwe kila siku, tena kwa sabuni isiyo na manukato makali. Halafu kuna mafuta ya nazi. Tunayapenda, na kwa nywele yana faida zake, lakini ni miongoni mwa mafuta yanayoziba vinyweleo kwa urahisi, na usiku huteremka kutoka kichwani hadi kwenye foronya na kwenye paji la uso. Mwaka 1970, madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi iliyowapata watu weusi waliozoea kupaka nywele mafuta mazito: vipele vidogo vidogo vilivyojipanga kwenye paji la uso na kando ya vipanda vya uso. Atazame kwenye kioo mtu ambaye vipele vyake vimefuata mpaka wa nywele, na aanze kwa kuyaacha mafuta hayo. Ila vipele vya paji la uso au mgongoni vinavyolingana ukubwa na kuwasha sana huenda visiwe chunusi kabisa, bali ni fangasi wanaopenda joto, nao hutibiwa kwa dawa nyingine.

Liwa sina ugomvi nayo. Bibi anaposugua kipande cha msandali juu ya jiwe lenye maji, ukatoka ule uji laini wenye harufu ya sikukuu, akaupaka usoni, ngozi hupoa kweli. Madhara huja wakati wa kuitoa, pale liwa iliyokauka inapofikichwa kwa viganja kama singo ya bibi harusi na kuvitumbua vipele vilivyokuwa vimelala. Itolewe kwa maji, taratibu. Ndimu na dawa ya meno zisifike usoni: ndimu ikikutana na jua la saa saba huunguza ngozi na kuacha doa baya kuliko chunusi yenyewe.

Kuhusu chakula, tumelaumu mafuta mno na kuiacha sukari. Mafuta ya viazi karai hayana njia ya kupanda moja kwa moja kutoka tumboni hadi usoni. Sukari na unga mweupe, kwa upande mwingine, hupandisha sukari ya damu ghafla, mwili ukamwaga insulini nyingi, na insulini hiyo huchochea androjeni na tezi za mafuta. Mwaka 2007 nchini Australia kulichapishwa utafiti ambao vijana wa kiume walikula kwa wiki 12 vyakula visivyopandisha sukari ya damu haraka, na chunusi zao zikapungua kuliko za wenzao waliokula kama kawaida. Miaka 5 kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti waliripoti kwamba katika kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, walikagua watu wapatao 1,200 wasione hata mmoja mwenye chunusi. Watu wa Kitava hula samaki, viazi vitamu, matunda na nazi. Nazi ya kula, basi, si nazi ya kujipaka. Hicho pia ni chakula cha Pwani yetu, kabla ya kiamshakinywa kuwa mahamri manne na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Sisemi mtu aache mahamri. Apunguze sukari ya chai, mchana apendelee mbaazi, samaki na mchicha, kisha asubiri miezi mitatu aone. Vijana wa mazoezini nao wajue kwamba unga wa protini ya maziwa umehusishwa na chunusi.

Matunzo ya uso yenyewe hayahitaji mambo mengi. Uso uoshwe asubuhi na jioni, na baada ya kutoka jasho jingi, kwa sabuni laini na vidole tu. Kisha dawa moja. Benzoili peroksaidi huua bakteria, na ile ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 bila kuunguza sana. Hufifisha rangi ya nguo, na mimi nina leso iliyobaki na mabaka meupe kwenye pindo kwa kuifutia uso. Adapalini ya asilimia 0.1 huzuia kile kizibo cha mwanzo. Kiasi cha punje moja ya mbaazi kinatosha uso mzima, usiku, tena kwa kuruka usiku mmoja mmoja katika wiki za kwanza, kwa sababu ngozi hukauka na chunusi huweza kuzidi kabla ya kupungua. Mjamzito asiitumie, kwake ipo asidi ya azelaiki, ambayo pia hufifisha madoa. Antibiotiki za kupaka zisitumiwe peke yake kwa miezi, kwani bakteria huzizoea.

Madoa ndiyo huwaumiza watu wetu zaidi, na ndiyo huwapeleka kwenye hatari. Ngozi nyeusi ikivimba huacha alama nyeusi, na mwenye alama hizo huuziwa kikopo kisicho na jina, kilichochanganywa nyuma ya duka, akiambiwa siku saba uso utang'aa. Mara nyingi hung'aa kweli, kwa sababu ndani mna steroidi kali inayozima uvimbe wote. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi nyingine ndogo ndogo zenye umbo moja huenea mashavuni. Akiacha, uso humuwaka moto, akarudi kununua tena. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, yaani kemikali za kuchubua ngozi, lakini bado vinauzwa. Aliyekwisha kutumia krimu kama hiyo kwa muda mrefu aende kwa daktari wa ngozi na kikopo chake mkononi, asione haya, ili aachishwe kwa utaratibu.

Doa lenyewe si kovu. Hufifia kwa miezi kadhaa mradi lisipigwe jua, kwa hiyo krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, ile nyepesi isiyo na mafuta, ni dawa ya madoa pia. Uvimbe mkubwa wa ndani unaoacha mashimo ni habari nyingine. Huo usisubiriwe wiki 12 nyumbani, kwa sababu shimo likishaingia halijazwi na krimu yoyote. Daktari ana vidonge vya kuuzima mapema, vikiwemo vya isotretinoini, ambavyo mwanamke hapewi kabla ya kupimwa mimba kwa kuwa hudhuru vibaya mtoto aliye tumboni.