Jiko la mkaa chumbani, na maswali mengine ya kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha huamka bila mlima. Mawingu yameufunika Meru, ukungu umetanda Sakina hadi Ngaramtoni, na mgeni aliyetoka Dar na fulana moja anapitia kwanza soko la Kilombero kutafuta sweta la mtumba. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa sana sisi wauguzi msimu huu, mengine dirishani pa dawa, mengine ndani ya daladala.

Mbona huku baridi kali, na ikweta haiko mbali?

Ni mwinuko. Jiji la Arusha liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Ndiyo maana Moshi mjini pana nafuu, lakini Kibosho na Marangu watu wanatetemeka. Zaidi ya hayo, upepo wa kusi unaleta unyevu, mawingu yanakwama milimani, na jua linaweza lisionekane siku kadhaa.

Dada nesi, sisi jioni tunaingiza jiko la mkaa chumbani. Tunasubiri likolee, moshi uishe kabisa. Kuna ubaya?

Upo, tena unazidi ubaya wa baridi yenyewe. Moshi na sumu ni vitu viwili. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usiofuka hata kidogo, bado unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inashika kwenye damu, palepale ambapo oksijeni ingekaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka lakini ubongo na moyo havipati hewa. Aliye macho ataumwa kichwa, atapata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu italegea; mara nyingi anadhani ni malaria. Aliyelala huenda asihisi chochote. Asubuhi mlango unavunjwa, na majirani wanaanza kunong'ona kwamba waliolala humo wamelishwa sumu.

Kuna wanaoweka beseni la maji pembeni ya jiko. Maji hayainyonyi hewa hiyo. Kuna wanaoacha dirisha wazi kidogo, halafu saa nane usiku mtu anasikia baridi anaamka kulifunga. Na maziwa, ambayo kwetu ni dawa ya kila sumu, hapa hayasaidii, kwa sababu sumu imeingia kwa mapafu, siyo kwa tumbo. Anayezimia akinyweshwa anaweza kupaliwa.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali akapewe oksijeni, hata kama amezinduka na anasema yuko sawa. Mjamzito asisubiri kabisa. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika zaidi ya mama. Na ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, na kinapoa wakitoka nje, shuku jiko kabla ya mbu.

Sasa tulale vipi?

Pasha joto mwili, siyo chumba. Jiko libaki nje, lichemshe maji. Yakipungua ukali yatie kwenye chupa imara, ifunge vizuri, izungushie taulo, iweke miguuni. Usimwekee mtoto mchanga, wala mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, maana ataungua bila kujua. Vaa soksi na kofia. Watu wengi wanajifunika blanketi tatu juu na chini hawana kitu, wakati baridi ya sakafu inapanda kupitia godoro jembamba. Hamishia moja chini. Na kabla ya kulala, bakuli la mtori wa moto. Wachaga hawakukosea.

Mtoto ana mafua na kifua. Ni nimonia? Baridi imemwingia?

Mafua huletwa na virusi, siyo upepo. Ila baridi inatufungia pamoja: madirisha ya daladala yamefungwa, darasa limefungwa, mmoja akikohoa wote wanapata. Mafua ya kawaida hayahitaji antibayotiki.

Nimonia iangalie kwenye pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya kufikisha mwaka, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au kulegea, usisubiri kupambazuke.

Na kichanga?

Mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kitenge juu. Aliyezaliwa leo asiogeshwe leo. Ngoja saa 24. Lakini nguo nne na blanketi mbili nazo ni kumpika. Gusa shingo yake: ikitoa jasho, punguza.

Babu anasema pombe kali ndiyo sweta la ndani.

Mwamkie shikamoo, kisha mwondolee glasi. Pombe hupanua mishipa ya ngozini, ndiyo ule moto anaousikia, na joto linatoka mwilini kupitia hapohapo. Akilala njiani usiku wa Julai, ndipo baridi inapoua. Pia mishipa hubana kwa baridi na presha hupanda, kwa hiyo dawa zake asizikatishe.

Nani mwingine awe mwangalifu?

Wenye selimundu (sikoseli), kwanza. Baridi huweza kuwaletea maumivu makali ya mifupa. Wavae nguo nzito na wanywe maji ya kutosha hata bila kiu. Mwenye pumu atembee na dawa yake ya kuvuta. Ama baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo, jina linaisingizia baridi: baridi hukaza viungo vinavyouma tayari, lakini haiuanzishi ugonjwa.

Lazima kuoga kila siku?

Hili huulizwa kwa kunong'ona. Kwapa, miguu na sehemu za siri, ndiyo. Ila kwenye beseni tangulia na maji ya baridi, ya moto yafuate, na usimwache mtoto peke yake na beseni hata dakika moja.