Je, wajua kwa nini amplifaya ya valvu huvuma zaidi unapotaka kucheza santuri?

Washa amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), iache ipate moto, kisha chagua redio: spika zimetulia. Geuza swichi upande wa santuri, sindano ikiwa bado juu na sahani haijaanza kuzunguka, ongeza sauti kidogo, na mvumo unaanza: mmmmm. Hakuna kinachochezwa. Mara nyingi unachosikia ni umeme wa ukutani wenyewe.

Umeme wa Afrika Mashariki huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50 (Marekani ni 60). Mpigo huo ukifika kwenye spika huwa sauti nzito, karibu sana na noti ya G ambayo mpiga besi huipata kwenye freti ya tatu ya kamba nene kuliko zote. Nyaya na transfoma zote ndani ya nyumba huutawanya mpigo huu hewani, na redio iko katikati ya hewa hiyohiyo. Kwa nini basi inayosumbuka ni mashine ya santuri?

Jibu liko kwenye katriji, kile kichwa kidogo kinachobeba sindano. Ndani yake sumaku ndogo hutikisika karibu na koili, na katriji nyingi za aina hii hutoa milivolti 5 hivi. Mashine ya CD hutoa volti 2, mara 400 zaidi. Hivyo amplifaya hulazimika kuikuza sauti ya santuri sana kabla hata haijafika kwenye kitufe cha sauti, na chochote kilichoingia njiani hukuzwa pamoja nayo.

Kuna jambo la pili, na mimi naliona ndilo kiini cha shauri zima. Besi ikichongwa kwenye santuri kwa nguvu yake halisi, mfereji ungeyumba mno hadi kugusa mfereji wa jirani. Kwa hiyo wachongaji hupunguza besi na kuongeza sauti nyembamba, na amplifaya huyarudisha mambo mahali pake. Mwaka 1954 chama cha kampuni za santuri cha Marekani, RIAA, kiliidhinisha kanuni moja ya kufanya hivyo. Kwa kanuni hiyo, sauti ya hezi 50 hukuzwa takriban mara 7 kuliko sauti ya hezi 1,000. Sehemu ya santuri ndani ya amplifaya inayokuza hezi 1,000 mara 100 huikuza hezi 50 karibu mara 700. Yaani mlango umefunguliwa wazi zaidi palepale umeme unapopita.

Kabla ya kugusa bisibisi, sikiliza. Punguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko baada ya kitufe cha sauti: valvu za nguvu au sehemu ya kugawa umeme. Ukipungua pamoja na sauti, chanzo kiko kabla yake. Hapo zima amplifaya, badilishana plagi za kushoto na kulia zinazotoka kwenye mashine ya santuri, kisha washa tena. Kama ni upande mmoja tu unaovuma na sasa mvumo umehamia spika ya pili, kosa liko kwenye mashine, katriji au kebo. Usipohama, liko ndani ya amplifaya. Ni jaribio la dakika moja na linaokoa pesa nyingi.

Zikivuma spika zote mbili, tazama waya mwembamba wa ethi unaotoka nyuma ya mashine ya santuri. Unapaswa kufungwa kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND. Gusa mkono wa chuma unaobeba katriji: mvumo ukipungua, waya huo umelegea au umekatika. (Ukihisi umeme unakutekenya kidoleni, chomoa kila kitu kwanza.) Ethi ikiwa sawa na mvumo bado upo, huenda umeme una njia mbili za kwenda ardhini, moja kupitia amplifaya na nyingine kupitia kompyuta au televisheni iliyounganishwa nayo. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Wapo wanaokata mguu mrefu wa plagi, ule wa juu, na kweli mvumo hukoma. Nawasihi msifanye hivyo. Mguu huo ndio unaokulinda siku waya wa moto utakapogusa bodi ya chuma.

Mvumo ukizidi kadiri mkono wa sindano unavyosogea katikati ya sahani, katriji inadaka uga wa sumaku wa mota. Ukibadilika unapoisogeza mashine nzima, chanzo ni transfoma ya amplifaya. Nusu mita tu kati yao inaweza kumaliza kazi, na kebo ya katriji isilale sambamba na waya wa umeme.

Sasa valvu zenyewe. Kila valvu ina waya mdogo wa kupasha joto, mara nyingi kwa volti 6.3 za umeme uleule wa kwenda na kurudi, ukiwa karibu kabisa na kathodi inayopitisha muziki. Valvu ikichoka, umeme huo huvuja. Kwenye amplifaya ya stereo, zima, subiri zipoe, kisha badilishana valvu ndogo ya ECC83 ya kushoto na ya kulia. Mvumo ukihama nayo, umempata mwizi. Ukiigonga taratibu kwa penseli amplifaya ikiwa inawaka na spika ikalia kama kengele, valvu hiyo imelegea ndani.

Wakati mwingine mvumo si wa hezi 50 bali 100, oktava moja juu, wenye ukali kama wa nyuki. Huo mara nyingi hutoka kwenye kapasita kubwa za kuchuja umeme. Ndani ya kapasita hizo mna umajimaji ambao hukauka kwa miaka na joto, hasa kwenye amplifaya za miaka ya 1950 na 1960. Valvu mbili za nguvu zinazofanya kazi kwa jozi nazo huleta mvumo huo moja ikidhoofika, kwa sababu zikiwa sawa hufutiana mvumo.

Hapa mpelekee fundi anayezijua valvu. Ndani mna volti 300 hadi 400 na zaidi, na kapasita huweza kuzishika hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi mzuri atazimaliza kwa resista, apime kwa mita, ndipo aguse. Wewe ukipeleka amplifaya, mwambie ulichosikia: mvumo mzito au mkali, upande mmoja au pande zote, unafuata kitufe cha sauti au haufuati. Kwa maelezo hayo atajua aanzie wapi.