Baiti ya sifuri haimalizi maandishi kila mahali

Wengi walioanza na lugha ya programu ya C huamini kuwa baiti yenye thamani 0 (huandikwa \0) ndiyo mwisho wa maandishi popote pale. Sivyo. Hiyo ni desturi ya C: strlen, amri yake ya kupima urefu wa maandishi, huhesabu hadi ikutane na 0, ikasimama. Lugha za Python na Java huhifadhi urefu kando, kwa hiyo "a\0b" ina herufi 3 kamili.

Balaa huzuka lugha hizi zinapoukabidhi mfumo endeshi jina la faili, maana mfumo huo bado unafuata desturi ya C. PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, kabla ya toleo 5.3.4 ilikubali "siri.php\0.jpg": ukaguzi wa jina uliona .jpg, yaani picha, diskini ikaandikwa siri.php! Python ya leo hukataa katakata kufungua faili lenye jina kama hilo.