Je, wajua kwa nini Mwingereza akisikia "monsoon" huwaza mvua, na mtu wa Lamu huwaza upepo?

Mgeni aliyekulia Uingereza akisimama gatini Lamu na kumuuliza nahodha wa mashua ni lini "monsoon" huanza, mwenye kuwafasiria hujikuta pagumu. Mgeni anauliza juu ya mvua, kwani ataka kujua iwapo likizo yake italowa. Nahodha, akiambiwa kwamba neno hilo ni pepo za msimu, naye atauliza: zipi, za kaskazi au za kusi? Jawabu moja haliwatoshi wote wawili. Kaskazi ikivuma Lamu, baina ya Disemba na Machi, jua huwaka na mvua huwa haba. Kusi nayo huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na ingawa huingia pamoja na masika, huendelea kuvuma miezi kadhaa baada ya mvua kubwa kupungua. Imekuwaje basi neno moja la Kiingereza limebeba upepo na mvua kwa pamoja?

Chimbuko lake ni Kiarabu. Mawsim ni wakati maalumu wa jambo linalorejea kila mwaka, uwe ni wakati wa Hija, wa mavuno, wa soko au wa kusafiri baharini, na shina la neno hilo ni lile la kutia alama, kama chapa atiwayo ngamia. Kiswahili kililipokea likawa msimu, nalo kwetu halikufungamana na upepo peke yake: twasema msimu wa maembe, msimu wa watalii, msimu wa ligi. Wareno walilichukua katika safari zao za Bahari ya Hindi wakalitamka monção, Waholanzi nao wakawa na umbo lao, na kufikia mwishoni mwa karne ya 16 lilikuwa limeingia katika Kiingereza. Msimu na "monsoon", kwa hiyo, ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbalimbali.

Katika hatua hizo za mwanzo maana yake haikuwa mvua. Ilikuwa ni wakati wa kung'oa nanga, na kwa mwenye chombo cha tanga wakati huo uliamuliwa na upepo. Majahazi ya Arabuni na ya India yalishuka pwani yetu kwa kaskazi, yakauza na kununua, kisha yakangoja kusi iyarejeshe kwao, na ambaye hakuwahi alikaa hadi mwaka ufuatao. Ndiyo maana hata dira yetu imejengwa juu ya pepo hizi, kwani kaskazini ni kule inakotoka kaskazi, na kusini ni kule inakotoka kusi.

Wareno wenyewe walifundishwa jambo hili Malindi, na somo la pili liliwagharimu. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa na mfalme wa mji rubani aliyeijua njia, akaondoka tarehe 24 ya mwezi huo na kutia nanga karibu na Calicut, India, tarehe 20 Mei. Hazikufika hata siku thelathini, kwa sababu kusi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na ilimsukuma kutoka nyuma. Katika kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakati kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa, na kuvuka bahari ileile kukamchukua takribani miezi mitatu. Alipofika Malindi Januari 1499 mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata moja ikabidi ichomwe moto. Watalii hupiga picha kwenye nguzo yake iliyopo Malindi hadi leo, na kwa maoni yangu kisa cha kurudi kwake chastahili kusimuliwa pale zaidi ya kile cha kwenda.

Mvua iliingia katika maana ya neno hili kwa sababu Waingereza walilizoea zaidi nchini India, na India ndiko upepo huu unakoshusha maji. Mwanafalaki Edmond Halley alichapisha mwaka 1686 maelezo ya pepo hizi pamoja na ramani, akitaja sababu ambayo kwa sehemu kubwa ingali inakubalika: nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Katikati ya mwaka bara la Asia huchemka, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huvutwa kuijaza nafasi hiyo. Asia ikipoa, mwelekeo hugeuka. Jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii ni kwamba upepo uiletao India mvua unatokana na kusi hii hii ituvumiayo sisi. Hutoka kusini mashariki, hupita pwani ya Kenya, na ukishavuka ikweta hupindishwa kuelekea kulia na mzunguko wa dunia, hivyo ukaifikia India ukitokea kusini magharibi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alieleza mkondo wenye kasi wa upepo huo, upitao juu ya Afrika Mashariki katika kimo cha kilomita 1 hadi 2 hivi, na hadi leo wataalamu huutaja kwa jina lake.

Kwetu upepo huo hupita ukikaribia kwenda sambamba na pwani, wala haukutani na milima ya kuupandisha juu, na kwa hiyo mvua ya pwani hufikia kilele chake mwezi wa Mei kisha ikapungua hali kusi ingali inavuma. Ukishavuka Bahari ya Arabuni hali umesheheni unyevu, hugonga safu ya milima ya magharibi mwa India, hupanda, hupoa, na kumwaga. Tarehe ya kawaida ya mvua hiyo kufika Kerala, jimbo la kusini magharibi mwa India, ni 1 Juni, na takribani robo tatu ya mvua ya mwaka mzima nchini India hunyesha baina ya Juni na Septemba. Mkulima aliyeona upepo huo hauji ila na mvua hakuwa na haja ya kuvitenganisha viwili hivyo, na Kiingereza cha huko kikafuata. Leo Mhindi akisema kwa Kiingereza kwamba "monsoon" imechelewa, anazungumzia mvua, na pengine bei ya vyakula.

Matumizi mengine yameenda mbali zaidi. Nchini Uingereza, ambako upepo wa namna hii haupo, neno hutumika kwa kutia chumvi pindi mvua kubwa inyeshapo ghafla. Katika jimbo la Arizona, Marekani, idara ya hali ya hewa imeweka msimu rasmi wa tarehe 15 Juni hadi 30 Septemba, lakini watu wa kawaida huita hata dhoruba moja ya jioni kwa jina hilo, jambo linalowaudhi wataalamu. Kwa mwanasayansi maana bado ni ile ya kugeuka kwa mwelekeo wa pepo kufuata majira, na mvua ni matokeo yake tu.

Vitabu vyetu vya shule navyo vimetuletea "pepo za monsuni". Aendaye tezi na omo marejeo ni ngamani: neno lililotoka Arabuni likapitia Ureno, Uholanzi na Uingereza limetufikia mara ya pili, sura imebadilika, na mtoto wa Lamu hulikariri kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa kwamba ndilo kusi imzuiayo baba yake kuvua nje ya mwamba. Sioni haja ya umbo hilo. Pepo za msimu latosha kwa jina la jumla, na kwa kila upepo tuna jina lake, pamoja na tanga mbili na maleleji kwa kile kipindi ambacho upepo haujaamua.

Kwa msomaji wa taarifa za hali ya hewa zilizoandikwa kwa Kiingereza, basi, la kutazama ni neno linalotangulia "monsoon". Ikitajwa kaskazini mashariki, hiyo ni kaskazi. Ikitajwa kusini mashariki kwa pwani ya Kenya, au kusini magharibi kwa India na Arabuni, zote mbili ni kusi. Na pasipotajwa upande wowote, hasa katika habari zitokazo Delhi au Mumbai, inayozungumziwa ni mvua.