Blogu hupanga tarehe, haipangi mambo

Mtu akiwa na mengi ya kuwaeleza wenzake, yawe mapishi, notisi za kidato cha nne, simulizi au utaratibu wa kupata pasipoti, ushauri wa kwanza anaopewa ni kufungua blogu. Ushauri huo una umri wa Blogger, iliyozinduliwa mwaka 1999, na haukuwa mbaya. Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo aliweza kuchapisha na kusomwa. Ila umeandamana na imani kadhaa ambazo watu huzipokea bila kuzihoji, na kwa sababu ya imani hizo kazi ya miaka mingi inaweza kuwa bado iko mtandaoni na mtu asiione.

Dhana: Maandishi kwenye blogu yanajipanga yenyewe

Yanajipanga kweli, lakini kwa kigezo kimoja tu: ni lini ulibonyeza kitufe cha kuchapisha. Jipya juu, la zamani chini. Kurasa za watu binafsi za miaka ya tisini hazikuwa hivyo. Mwenye ukurasa aliamua kwa mkono wake kipi kiwe mwanzo, kipi kifuate, na kipi kiunganishwe na kipi. Kazi hiyo ilichosha, na programu kama Blogger, kisha Movable Type mwaka 2001, zikaja kuiondoa. Programu ilijua saa na tarehe. Haikujua umeandika kuhusu nini. Ikapanga kwa kile inachokijua. WordPress ilipoanza mwaka 2003 ilirithi mpangilio huohuo, na kurasa za kudumu zisizofuata tarehe zilisubiri toleo la 1.5 la mwaka 2005.

Anayetaka kuona madhara yake afungue blogu yoyote ya simulizi za Kiswahili. Hadithi inaanza Sehemu ya 1, kila siku inaishia na ITAENDELEA, mpaka inafika Sehemu ya 40 au zaidi. Aliyeifuata tangu mwanzo anafurahia. Aliyeikuta baada ya mwezi anaingia ukurasa wa mwanzo na jambo la kwanza analokutana nalo ni nani kafa. Sehemu ya 1 iko chini kabisa, nyuma ya mibonyezo mingi ya "machapisho ya zamani", na katikati yake kuna hadithi nyingine mbili zilizokuwa zikiendelea wakati huohuo, tangazo la dawa na salamu za Idi. Wengi huishia kuuliza kwenye maoni: "Admin, sehemu ya 23 iko wapi?" Admin anajibu mara ya kwanza na ya pili, halafu anachoka. Yaleyale humkuta anayefundisha hesabu au sarufi kwa masomo yanayojengana. Blogu inamweka mwanafunzi kwenye somo la mwisho na kumwachia kazi ya kurudi kinyumenyume.

Dhana: Weka lebo, tatizo limekwisha

Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo zaidi kwa watu makini, kwa hiyo niikalie kidogo.

Lebo na kategoria, yaani maneno ya mada ambayo mwandishi huyabandika kwenye chapisho, zina faida. Lakini bofya lebo yoyote uone unachopewa: machapisho yenye lebo hiyo, jipya juu, la zamani chini. Umetoka kwenye rundo kubwa ukaingia kwenye rundo dogo, na mpangilio ni uleule. Hadithi yetu ya sehemu 40, hata ikiwa na lebo yake peke yake, bado inaanza na mwisho.

Halafu kuna suala la nani anaziweka. Lebo hubuniwa saa ya kuchapisha, mwandishi akiwa na haraka, bila kukumbuka aliandika nini mwaka jana. Ndipo blogu moja inapokuwa na "afya", "Afya", "afya ya uzazi", "uzazi", "mama na mtoto" na "wajawazito", kila moja ikiwa na vitu vitatu vinne. Kwa WordPress asiyechagua kategoria hupangiwa ya akiba, na ndiyo maana blogu nyingi za Kiswahili zina mlundikano mkubwa chini ya neno la Kiingereza "Uncategorized", yaani lisilo na kategoria.

Karani wa masjala ofisini hafanyi kazi namna hiyo. Barua ikiingia, kwanza anajiuliza inahusu jambo gani na kama jalada la jambo hilo lipo. Lipo, inaingia humo. Halipo, anafungua jipya na kulipa namba. Uamuzi huo mmoja, unaorudiwa kwa kila barua na mtu yuleyule kwa kanuni zilezile, ndio blogu haimdai mwandishi wake. Lebo inampa nafasi ya kuufanya, haimlazimishi. Kwa hiyo haufanyiki.

Kuhusu ile orodha ya pembeni, mwaka, kisha mwezi, kisha idadi ya machapisho kwenye mabano, sina mengi ya kusema. Inamfaa msomaji anayejua kwamba dawa ya fangasi wa nyanya iliandikwa Machi 2012. Huyo ni mwandishi mwenyewe.

Dhana: Google ipo, ya nini kuhangaika?

Google humfikisha msomaji kwenye chapisho moja. Anaingilia dirishani, anasoma alichotafuta, anatoka. Haoni kwamba chapisho hilo ni la tatu kati ya saba, wala kwamba la tano lilirekebisha kosa la hilo la tatu. Na Google husaidia pale tu mtu anapojua neno la kutafutia. Mkulima ambaye hajawahi kusikia jina la ugonjwa hawezi kuliandika kwenye kisanduku. Angekuwa na orodha ya dalili mbele yake angeutambua kwa macho.

Dhana: Kadiri unavyochapisha zaidi ndivyo akiba ya maarifa inavyokua

Akiba ikichanganywa na takataka haikui. Mwaka 2019 Tanzania ilianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, tarehe 1 Mei. Mwisho ukawa 31 Desemba, kisha Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020. Kwa blogu, hayo ni machapisho matatu yanayojitegemea: kuna utaratibu mpya, siku ya mwisho ni hii, siku ya mwisho sasa ni ile. Kila moja lilikuwa kweli siku lilipoandikwa. Kesho yake mawili yalikuwa yanapotosha, na hakuna kinachomwambia msomaji kwamba kuna la tatu.

Laini za simu angalau zilipita. Bima ya afya ya Kenya haijapita. Tangu 1 Oktoba 2024 NHIF imepisha mamlaka mpya ya SHA, na mchango wa mwajiriwa umetoka kwenye viwango vya zamani, ambavyo vilifika ukomo wa shilingi 1,700 kwa mwezi, ukawa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Maelezo ya "jinsi ya kujisajili NHIF hatua kwa hatua" yangali yamejaa mtandaoni, yameandikwa vizuri na yana picha. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi Kenya, nao ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mwongozo wa kuangalia matokeo yake bado unasomeka kana kwamba ni wa mwaka huu.

Maelezo ya namna hii yanahitaji ukurasa mmoja unaorekebishwa kila mambo yanapobadilika, wenye tarehe ya marekebisho juu yake. Tovuti za wiki, ambazo kurasa zake hurekebishwa na wasomaji wenyewe, zilianza na wazo hilo tangu Ward Cunningham alipoweka ya kwanza hewani mwaka 1995, na Wikipedia ya Kiswahili inaendeshwa hivyo tangu 2003: makala ya mji ni moja, sensa mpya ikitoka takwimu hubadilishwa humohumo. Blogu humzoesha mwandishi kinyume chake. Kurekebisha la zamani hakumletei wasomaji, kwa kuwa halipandi juu. Kuandika jipya kunawaleta. Wengine hubadilisha tarehe ya chapisho la zamani ili liibuke tena, na hapo hata kile kitu kimoja ambacho blogu ilikuwa inakisema kwa uhakika, yaani lini jambo liliandikwa, hakiaminiki.

Dhana: Mwandishi hodari hashindwi na blogu, wanaoshindwa ni wazembe

Jibu langu hapa ni Nairobi. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, ghasia zikazuka, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, akajikuta ndiye anayepokea habari za watu: wanamwandikia wanachokiona mtaani kwao, naye anazichapisha. Huyu hakuwa mzembe wala mgeni wa kazi hiyo. Lakini habari zilifika kwa mpangilio wa kuandikwa, huku anayezihitaji akiuliza jambo jingine kabisa: barabara ya kwetu inapitika? Kijijini kwa mama kukoje? Swali la mahali haliwezi kujibiwa na mtiririko wa saa, hata uandikwe na nani.

Tarehe 3 Januari 2008 Okolloh aliuliza humohumo kwenye blogu kama kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuonyesha matukio hayo kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitika, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani: taarifa inaingia kwa SMS au mtandao, inawekwa mahali pake kwenye ramani pamoja na aina ya tukio. Programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Hersman na Rotich walikuwa wanablogu pia, kwa hiyo tusije tukadhani ni watu wa teknolojia waliowadharau waandishi. Walikuwa waandishi walioona ukuta uko wapi.

Na Okolloh alikuwa ameshauona mapema. Mwaka 2006, yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, ya kufuatilia Bunge la Kenya. Alikuwa na blogu yenye wasomaji. Angeweza kuandika kila wiki nani kasema nini bungeni. Badala yake kila mbunge akapewa ukurasa wake. Mpiga kura hajui mbunge wake aliongea lini, ila anamjua jina, na jina ndilo lililofanywa mlango. Binafsi naona hili ndilo somo kubwa kuliko hata lile la ramani, kwa sababu halikuhitaji dharura wala teknolojia ngumu. Ni watu wawili walioanza na swali la msomaji ndipo wakachagua chombo.

Dhana: Basi blogu imepitwa na wakati, tuhamie mitandao ya kijamii

Huko ndiko pabaya zaidi. Blogu angalau ina anwani ya kudumu kwa kila chapisho na orodha ya miezi. Kwenye kundi la WhatsApp somo la jana limefunikwa na "Asante mwalimu" sitini, na anayejiunga leo kwa kawaida haoni la jana. Facebook nayo haifuati hata tarehe. Inachagua yenyewe nani aone nini. Simulizi nyingi zimehamia huko, na yule anayetafuta sehemu ya 23 sasa anaitafuta kwa watu.

Tena blogu ina kazi zake inazozimudu kuliko chombo kingine chochote. Michuzi Blog, aliyoianzisha mpiga picha Issa Michuzi mwaka 2005, iliwakusanya Watanzania wa nyumbani na ughaibuni kila asubuhi kwa picha za matukio, misiba, harusi na ziara za viongozi. Hayo ni mambo ya siku, na tarehe ndiyo jalada lake halali. Shajara, safari, maoni juu ya hoja inayoendelea bungeni, vyote vinakaa vizuri kwenye mpangilio wa jipya juu. Tatizo ni kutia humohumo kamusi, kitabu cha kiada na mwongozo wa kodi.

Dhana: Mtandao hausahau, siku moja nitakuja kupanga

Unasahau sana. Pew Research Center ya Marekani ilitoa matokeo mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Hapa kwetu kuna sababu za ziada: jina la tovuti ambalo mtu hakulilipia, nenosiri lililokwenda na simu iliyoibwa, na kwa Tanzania zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wanablogu kukata leseni kwa ada iliyozidi shilingi milioni mbili, na baadhi wakaona heri wanyamaze.

Kwa mwenye blogu ambaye hataki kuhama, kazi ya kwanza ni ukurasa mmoja wa kudumu, uliowekwa kwenye mstari wa juu kabisa, wenye orodha iliyopangwa kwa mkono: hadithi hii, sehemu ya 1 hadi 40, kila moja na linki yake, masomo haya, kwa utaratibu wa kufundishwa. Ndani ya kila sehemu kuwe na linki ya iliyotangulia na ya inayofuata. Chapisho lililopitwa lipewe mstari mmoja mwanzoni unaosema limepitwa na unaopeleka kwenye jipya. Vyote hivi vinawezekana Blogger na WordPress bila senti moja ya ziada. Vinachukua jioni kadhaa, na baada ya hapo dakika chache kila unapochapisha, dakika zilezile ambazo programu za mwaka 1999 zilituahidi kwamba hatutazihitaji tena.