Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar ni nani, na anafanya kazi gani?

Wengi wakisikia "Mwanasheria Mkuu" hudhani ni mkubwa wa mahakama, au wakili wa wananchi wote. Siyo. Kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar ya 1984, yeye ndiye mshauri mkuu wa sheria wa Serikali ya Mapinduzi (SMZ). Huteuliwa na Rais wa Zanzibar, na kwa wadhifa wake huingia Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, bila kugombea jimbo. Jamhuri ya Muungano ina Mwanasheria Mkuu wake, na huyu wa Zanzibar si msaidizi wa yule.

Sehemu kubwa ya kazi yake haionekani. SMZ ikitaka kuingia mkataba na mwekezaji, rasimu hupekuliwa kwanza na wanasheria wa Serikali: mradi ukikwama atalipa nani? Ugomvi utaamuliwa Unguja au kwa wasuluhishi wa London? Kodi gani imesamehewa, na kwa miaka mingapi? Kwa visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilikuta watu wasiofika milioni 2, kifungu kimoja kilichopita bila kusomwa vizuri ni mzigo wa miaka.

Pagumu zaidi ni kwenye Muungano. Ibara ya 132 ya Katiba ya Zanzibar inasema sheria ya Bunge la Muungano haitumiki Zanzibar isipokuwa iwe ya mambo ya Muungano, yaani yale ambayo Bara na Zanzibar zinayashika pamoja, na iwe imewasilishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo kila sheria inayotoka Dodoma lazima iulizwe: hili ni la Muungano au ni letu? Chukua mafuta na gesi asilia. Yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, lakini Sheria ya Petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na mwaka 2016 Baraza likatunga sheria yake.

Na akiona Serikali inakosea? Wajibu wake ni kusema, ingawa aliyemteua ndiye anayeweza kumwondoa. Oktoba 2014, Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, alizipigia kura ya hapana baadhi ya ibara za Katiba Inayopendekezwa katika Bunge Maalumu lililokuwa likiandika katiba mpya ya Tanzania. Siku chache baadaye Rais Ali Mohamed Shein alitengua uteuzi wake. Mimi naona mshauri anayeogopa kusema hapana hamfai hata huyo anayemshauri. Mwaka 2021 Othman alirudi serikalini, safari hii akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar.

Mashtaka ya jinai hayako kwake tena. Tangu mabadiliko ya katiba ya 2002 yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Na kama una kesi ya kiwanja dhidi ya wizara, usiende ofisini kwake kutafuta wakili. Mahakamani watu wake ndio watakaosimama upande wa pili.